Hesabu ya Moyo

Shule ni nyumba ya hesabu. Asubuhi mwalimu huita majina na kutia alama katika rejesta. Mchana husahihisha madaftari na kuandika maksi. Mwisho wa muhula hujumlisha, hugawanya, na kumpa kila mwanafunzi nafasi yake darasani, tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Katika Tanzania hata fimbo ina kitabu chake. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zimeweka kwamba viboko visizidi vinne kwa mara moja, na kwamba kila adhabu iandikwe katika kitabu kilichowekwa kwa kazi hiyo. Basi mtoto ana hesabu ya siku alizohudhuria, hesabu ya maksi alizopata na hesabu ya viboko alivyopigwa. Iko hesabu moja isiyokuwamo katika kabati la mkuu wa shule, na mara nyingi ndiyo inayoziendesha zile tatu. Hiyo ni hesabu ya moyo wake.

Hesabu hii si jambo geni. Katika karne ya tisa aliishi Baghdad mwanachuoni mmoja, mzaliwa wa Basra, ambaye watu walimwita al-Muhasibi kwa desturi yake ya kuihoji nafsi yake mwenyewe, kama mwenye duka anavyolihoji daftari lake jioni. Alifariki mwaka 857. Jina lake na neno la Kiswahili "hesabu" ni ndugu wa shina moja la Kiarabu. Na katika pwani ya Afrika Mashariki, kabla ya shule kuenea, kijana hakuachwa peke yake na moyo wake. Msichana alikuwa na somo wake, na mvulana wa jandoni alikuwa na kungwi wake. Wote wawili walikuwa na babu na bibi, ambao kwa desturi ya utani waliweza kuambiwa yale yasiyoambiwa baba na mama. Mwanamke aliyeudhiwa na jirani alikwenda dukani, akazisoma kanga jina moja baada ya jingine, akachagua iliyosema yake, akajitanda na kupita mlangoni pa mbaya wake. Hasira ilipata neno, na mikono ikapumzika.

Shule imechukua saa za mtoto, lakini haikuchukua kazi za watu hao. Mtoto akilia huambiwa anyamaze. Akikasirika huambiwa hasira hasara. Akiogopa huambiwa kwamba mwanamume haogopi. Maneno hayo hayasemwi kwa nia mbaya, walakini yote yana kazi moja, nayo ni kufunga mlango. Hata salamu imepunguzwa. Mtu akiulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo," na jibu hilo likichambuliwa lasema kwamba msemaji hana jambo lolote. Watu wazima wanajua kwamba sijambo ni kizingiti tu cha nyumba. Mtu huulizwa habari za asubuhi akajibu njema; huulizwa habari za nyumbani akajibu njema; huulizwa habari za watoto, na hapo ndipo litokeapo neno lililokuwa likingoja: "Njema, ila mdogo hakulala." Urefu wa salamu ni njia ya adabu ya kufikia "ila." Mwanafunzi husimama pamoja na wenziwe hamsini, husema shikamoo kwa sauti moja, huitikiwa marahaba, huamriwa kukaa, na somo huanza. "Ila" yake hubaki kifuani.

Mwaka 2022, katika shule moja ya sekondari ya kutwa kwenye pwani ya Tanga, mwalimu wa kike wa Kiswahili alijaribu kuwafundisha wanafunzi wa Kidato cha Pili hesabu hii. Hakusukumwa na nadharia bali na insha. Aliwapa wanafunzi wake 52 kichwa kinachojulikana na kila mwalimu, "Siku Nisiyoisahau," akapeleka nyumbani mzigo wa madaftari, akasoma habari za misiba, za harusi, za mafuriko na za safari. Matukio yalitofautiana kama nyuso za watoto wenyewe. Hatima zilikuwa mbili tu: "nilifurahi sana" na "nilihuzunika sana." Aliyefiwa na mama alihuzunika sana, na aliyepoteza kalamu alihuzunika sana. Mwalimu aliona kwamba watoto hawa, waliosoma kwa Kiswahili miaka saba ya shule ya msingi, walikuwa na majina ya vitu vyote vya nyumbani na vya shambani, lakini kwa mambo ya moyoni walikuwa kama mgeni sokoni asiyejua jina la samaki hata mmoja, ambaye huonyesha kidole tu.

Akawapa kazi. Kila mwanafunzi aende nyumbani akaulize wazee maneno yote wanayoyajua ya hasira, ya huzuni, ya hofu na ya haya, kisha ayalete pamoja na maana zake. Siku ya pili ubao ulijaa. Palikuwa na hasira, hamaki, ghadhabu, uchungu, kinyongo na kisirani. Darasa likabishana hata likapatana kwamba hamaki ni ya ghafula na hupita upesi. Ghadhabu ni kubwa na huonekana usoni. Uchungu aghalabu hutoka kwa mtu apendwaye. Kinyongo ni hasira iliyowekwa akiba. Na kisirani ni hasira isiyojua mwenyewe, ambayo humwangukia yeyote apitaye. Palikuwa na haya, aibu na fedheha. Haya humzuia mtu kabla ya kutenda, na ni sifa njema. Aibu humpata baada ya kutenda. Fedheha ni aibu iliyopata watazamaji. Palikuwa na wivu, kijicho na husuda. Mwenye wivu anachelea kunyang'anywa kilicho chake. Mwenye kijicho anatamani kilicho cha mwenziwe. Mwenye husuda hatamani kitu, ila mwenziwe akikose. Msichana mmoja alileta neno ambalo hakuna aliyelitazamia, neno ganzi, akaeleza kwamba bibi yake hulitumia si kwa mguu tu bali pia kwa moyo uliokaliwa muda mrefu hata ukaacha kusikia.

Katika somo lililofuata mwalimu aliwaonyesha jambo la sarufi, na yamkini ndilo lililowafaa kuliko yote. Kiswahili hakisemi kwamba mtu ni hasira. Husema kwamba ana hasira, au ameshikwa na hasira, au hasira zimempanda. Hofu humwingia mtu. Huzuni humpata. Haya na wivu huonwa. Uchungu husikiwa. Kinyongo huwekwa. Kila tendo katika hayo lina tendo la pili linalolijibu. Kilichopanda hushuka, kilichoingia kina mlango wa kutokea, aliyeshikwa huachiwa, kilichowekwa na mtu, mtu huyo huyo aweza kukiondoa. Lugha yenyewe imemtenga mwanadamu na lile linalompata, ikamwachia nafasi ya kusimama kando na kulitazama. Mvulana mmoja wa nyuma aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, na mtu asiyesikia kitu chochote, aandike nini?" Mwalimu akajibu, "Aandike sijui. Sijui nalo ni neno la kweli."

Ndipo alipowapa hesabu yenyewe. Kila mwanafunzi atenge daftari dogo, na kila ukurasa aupige mistari ya kusimama hata upate safu sita. Ya kwanza ni siku na saa. Ya pili ni neno, nalo liwe neno hasa linalostahili. Ya tatu ni mahali katika mwili: koo lililokauka, tumbo lililokaza, mikono iliyotoka jasho, kifua kilichokuwa chepesi. Ya nne ni kipimo, tangu moja hadi tano. Ya tano ni jambo lililotangulia. Ya sita ni alilolifanya mwenyewe baadaye, au mtu aliyemsaidia. Dakika tano asubuhi baada ya paredi, na dakika tano kabla ya kengele ya mwisho, zilitosha. Siku kumi za nusu nusu katika juma hufanya mistari kumi, na majuma manne hufanya arobaini. Mistari arobaini ni michache, lakini mtu akiitazama kwa pamoja huanza kuona njia, kama mvuvi aonavyo desturi ya maji katika mwezi mmoja.

Sharti lilikuwa moja, likatangazwa kabla ya mstari wa kwanza kuandikwa. Madaftari hayatasahihishwa, hayatapewa maksi, wala hayatasomwa na mwalimu, isipokuwa ukurasa ambao mwenyewe ataupeleka kwa hiari yake. Na ukurasa huo ukiwa na habari ya hatari, yaani ya mtoto kuumizwa au kutaka kujiumiza, mwalimu hatakaa nao peke yake. Alilisema hilo mara mbili, ili asije mtu kulalamika baadaye kwamba hakuambiwa.

Elimu ya siku hizi ina ushahidi kwa kazi ya namna hii. Mwaka 1980 James Russell alionyesha kwamba hisia nyingi zaweza kupangwa juu ya mistari miwili inayokatana: mmoja unapima utamu na uchungu wa hisia, na wa pili unapima msukosuko na utulivu wake. Mwanafunzi asiyepata neno aweza kwanza kujiuliza maswali hayo mawili, kisha akalitafuta neno katika pembe iliyobaki. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenziwe wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira na hofu huku wakipima kazi ya ubongo. Waliochagua neno la hisia iliyokuwa usoni, sehemu ya ubongo iitwayo amigdala, inayoshughulika sana panapokuwa na hofu, ilitulia kuliko walipochagua jina tu la kumwita mtu wa pichani. Na mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha habari za wanafunzi wa chuo walioandika dakika kumi na tano kwa siku nne juu ya mambo yaliyowaumiza. Walioandika tukio pamoja na hisia zake walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Lakini mara tu baada ya kuandika, walikuwa na majonzi kuliko wengine. Jambo hilo la mwisho lisisahauliwe na mwalimu. Daftari linaweza kufukua lililokuwa limefunikwa, na anayemwagiza mtoto kufukua yampasa kuwapo karibu. Safu ya sita iliwekwa kwa sababu hiyo, ili mtoto asifunge ukurasa akiwa ndani ya shimo.

Katika darasa lile alikuwapo mvulana wa miaka kumi na mitano ambaye jina lake lilijaa kitabu cha adhabu. Alikuwa akipigana. Walimu walikwisha kumwita mkorofi, na jina likimshika mtoto humfanya alitumikie. Baada ya majuma manne alikwenda na daftari lake mwenyewe, akalifungua mezani bila ya kusema. Safu ya pili ilikuwa na neno hasira karibu kila siku, kama walivyotazamia wote waliomjua. Ila hasira za Jumatatu zilikuwa na kipimo cha tano, za Jumanne tatu, na tangu Jumatano zilishuka hata moja. Mwalimu hakumwuliza kwa nini anapigana. Alimwuliza, "Mwanangu, Jumatatu hasira hii huanzia wapi mwilini?" Akajibu kwamba huanzia masikioni, masikio huwa ya moto. "Masikio hupata moto kwa hasira?" Mvulana akafikiri kwa muda. Kisha akachukua kalamu, akakata neno hasira katika mistari ya Jumatatu zote nne, akaandika juu yake fedheha.

Habari ilikuwa hivi. Kila Jumapili kijana huyo alikuwa pwani akipakua samaki ili nyumba yao ipate chochote. Alirudi usiku, akafua shati lake la shule, nalo lilikuwa moja tu. Alfajiri shati lilikuwa bado bichi na halikupigwa pasi. Jumatatu ilikuwa siku ya ukaguzi wa sare katika paredi. Alitolewa mbele pamoja na wachafu, mbele ya shule nzima, yeye aliyefua usiku wakati wengine wamelala. Walicheka. Alipofika kipindi cha tatu, mtu yeyote aliyemgusa alikutana na ngumi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na safari hii walisema kweli kwa maneno yote mawili. Kitabu cha adhabu kilikuwa kimeandika kosa, tarehe na idadi ya viboko. Hakikuwa na safu ya jambo lililotangulia.

Hapa ndipo hesabu ya moyo inapokuwa na deni. Kumfundisha mtoto kuitambua fedheha yake, kisha kumrudisha Jumatatu mbele ya wale wale wanaocheka, ni dhihaka. Mwalimu alikwenda kwa mkuu wa shule, akaeleza bila ya kutaja jina. Mkuu hakuufuta ukaguzi, maana usafi nao una haki yake. Bali aliutoa paredini akauweka madarasani, kila mwalimu wa darasa akague lake kwa sauti ya chini. Mvulana hakugeuka malaika. Alipigana tena mara moja katika muhula ule, siku ya Alhamisi, kwa sababu nyingine.

Jaribu la pili lilikuwa gumu zaidi. Fedha za mchango wa darasa zilipotea, na mwalimu wa nidhamu akaja ofisini. "Mwalimu," alisema, "wewe unayo mioyo ya watoto hawa katika maandishi. Nipe madaftari kwa usiku mmoja tu."

"Mwenzangu, mimi sinayo. Yamo katika mikoba yao."

"Ukiwaambia walete, wataleta."

"Wataleta," akajibu, "na tangu kesho wataandika uongo."

Mwizi hakujulikana. Kwa muda walimu wengine walinong'ona kwamba mwenzao anaficha wahalifu, na chai ya saa nne aliinywa peke yake. Lakini hoja yake ilikuwa sahihi, na yafaa ishikwe na kila anayependa kuanzisha kazi hii. Hesabu inayokaguliwa na mwenye fimbo ni ushahidi wa mahakamani unaotolewa na mtoto dhidi ya nafsi yake. Mtoto mwenye akili hatautoa, na asiyekuwa na akili hiyo atadhurika.

Hata hivyo siri si mungu. Yule msichana aliyelileta neno ganzi alikuja siku moja baada ya kengele, akiwa na ukurasa uliokunjwa. Ganzi ilikuwa imeandikwa kila Ijumaa alasiri. Safu ya tano, ya jambo lililotangulia, ilikuwa tupu kila mara, kwa sababu jambo lenyewe halikutangulia, lilikuwa linakuja. Mwalimu aliuliza swali moja: "Ijumaa anakuja nani nyumbani?" Msichana alijibu kwa machozi, na jibu lake halina haja ya kuandikwa hapa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa kila mtu katika jamii wajibu wa kutoa habari kwa serikali ya mtaa anapojua kwamba haki ya mtoto inavunjwa. Mwalimu alimkumbusha msichana sharti walilolisikia wote siku ya kwanza, akamwambia atakwenda kwa nani na atasema nini, kisha akaenda kwa afisa ustawi wa jamii. Msichana alihamishiwa kwa shangazi yake katika kata nyingine, akabaki katika shule ile ile. Alikuwa salama. Alikuwa pia amekasirika, kwa kuwa jambo lililokuwa lake sasa lilikuwa katika mafaili ya watu, na kwa majuma mengi hakumtazama mwalimu usoni. Alistahili kukasirika, na mwalimu alistahili kwenda. Mambo haya mawili hayapatanishwi kwa maneno, na mwalimu asiyeweza kuyabeba yote pamoja asiguse daftari la moyo la mtoto wa mtu.

Aliendelea kuliandika daftari lake. Hilo lilionekana kwa macho kila asubuhi baada ya paredi. Kilichoandikwa humo hakikujulikana tena, wala hakikuulizwa.

Kuna wasomi watakaosema kwamba haya ni mambo ya wazazi, na kwamba shule ina mitihani ya kutosha. Mzazi anayerudi usiku kutoka shambani, sokoni au baharini ana haki ya kusaidiwa. Na kuhusu mitihani, mvulana wa shati bichi alikuwa haelewi hesabu za Jumatatu si kwa upungufu wa akili, bali kwa sababu kipindi hicho alikuwa bado yuko paredini. Wengine watasema kwamba kumzoeza mtoto kujitazama ni kumfanya mlegevu. Walegevu hasa ni wale wanaosukumwa na kitu wasichokijua jina. Anayejua kwamba ameshikwa na hamaki, wala si ghadhabu, anajua pia kwamba itapita upesi, naye aweza kuingoja.

Kazi hii haihitaji mashine wala wageni wenye mishahara mikubwa. Inahitaji daftari, kalamu, dakika kumi, na mwalimu anayejua kunyamaza. Maneno yako tayari. Wazee wanayo, na Kiswahili kimeyatunza kwa uangalifu kuliko shule zake. Linalohitajiwa zaidi ni kwamba anayeuliza habari za mtoto awe na nafasi ya kusubiri jibu la pili, na awe tayari, jibu hilo likija, kuinuka na kulifanyia jambo.